Imeshuka Chamwino! Tathmini ya Mvua ya Kwanza, Nguo Zikiwa Bado Mbichi

Imenyesha! Jamani, imenyesha! Si yale manyunyu ya juzijuzi yaliyolowesha vumbi juujuu na kutuachia jasho, wala si ngurumo za mbali za kutishia kuku. Hii ni mvua yenyewe, yenye uzito na kelele, na ninaanza kuiandikia nikiwa bado natiririka maji, kwa sababu nikingoja nikauke nitaanza kuwa na busara, na mtu mwenye busara hawezi kuitendea haki mvua ya kwanza.

Kwa wasioijua Dodoma, mkoa iliko Chamwino yetu, sisi hatuna vuli na masika kama watu wa Tanga au Arusha. Tuna msimu mmoja tu. Unaanza mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba, unafunga Aprili, na hapo katikati tunapewa takriban milimita 550 hadi 600 za mwaka mzima. Zikipita zimepita. Mtu wa Bukoba akisikia mvua inanyesha anatafuta mwavuli; huku kwetu watu wanatoka nje kichwa wazi. Tangu Mei anga la Chamwino lilikuwa jeupe, jeupe la kuumiza macho, na Oktoba jua lilipotupita utosini, mnamo tarehe 8 hivi, likielekea kusini, hata mbuzi waliacha kugombana. Ng'ombe mbavu nje. Chamchela zikizunguka shambani mchana kutwa zikibeba mabua ya mwaka jana na kuyatupa kwa jirani.

Kinachotuletea mvua, wataalamu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wanakiita ukanda mvua: pale pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana, hewa ikasukumwa juu, mawingu yakajengeka. Ukanda huo hulifuata jua, lakini hulifuata kwa kujikokota, kwa hiyo jua linatuchoma kwanza, kisha tunakaa wiki kadhaa tukiangalia mashariki. Kiumbe pekee asiyeonekana kuhangaika ni mbuyu. Mibuyu yetu imeshatoa majani yake mabichi bila kungoja tone lolote, kwa maji iliyojiwekea shinani tangu msimu uliopita. Naihusudu sana miti hiyo.

Basi, ilikujaje?

Alasiri, saa tisa na kitu. Ulianza upepo wa baridi, ule ambao aliyekulia Ugogo, yaani huku kwetu, anautambua kwa ngozi ya mikono kabla hajauelewa kichwani, na nyuma yake ukuta wa vumbi jekundu. Mama mkwe wangu akatoka mbio kuanua nguo. Watoto wakatoka mbio kwa sababu mama mkwe anakimbia. Kuku wakakimbilia jikoni, mmoja akaingia ndani ya sufuria. Radi sitaizungumzia sana: ilipiga, tuliogopa, mbwa akajifungia chini ya kitanda, yamekwisha.

Lakini harufu! Hapo naomba nafasi.

Ilitufikia kabla ya tone la kwanza. Kule upande wa vilima mvua ilikuwa imeshaanza kudondoka, nyepesi, na upepo ukatuletea taarifa. Ng'ombe wakainua vichwa wote kwa pamoja, na mimi nikasimama katikati ya uwanja nikivuta pumzi mpaka kifua kikauma. Na kumbe jambo hili lina maelezo yake. Mwaka 2015 Cullen Buie na mwenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walitumia kamera za kasi kubwa kupiga picha matone yakigonga udongo. Waliona tone likitua linafunga hewa ndani ya vitundu vya udongo, hewa hiyo inapanda ndani ya tone na kupasuka juu kama povu la soda iliyofunguliwa, ikirusha chembechembe zisizoonekana. Na yanayorusha zaidi si yale mapande ya mvua ya kumwaga. Ni mvua nyepesi na ya wastani ikianguka polepole kwenye udongo wa kichanga chenye mfinyanzi. Yaani ile rasharasha ya mbele, ambayo siku zote tunaidharau, ndiyo inayobeba harufu!

Chembe hizo zimebeba vitu viwili vikubwa. Kimoja ni mafuta ya mimea yaliyojikusanya kwenye mawe na udongo kipindi chote cha ukame; Isabel Joy Bear na Richard Thomas waliyachunguza kule Australia na kuyatolea andiko mwaka 1964. Cha pili ni jeosmini, kitu kinachotengenezwa na bakteria wa udongoni, na pua ya binadamu hukinasa hata kikiwa sehemu chache tu katika trilioni moja ya hewa. Trilioni! Pua yangu, ambayo haikugundua maharage yakiungua jana. Wahindi wa mji wa Kannauj wana ufundi wa zamani wa kuikamata harufu hii: wanachoma vigae vya udongo, wanavivukiza kwa maji, mvuke wake unaingia kwenye mafuta ya msandali na kuwa manukato ya kuuzwa kwenye vichupa. Nawapongeza. Lakini leo nimeipata bure, ekari nzima nzima, na hakuna kichupa kingetosha.

Harufu: kumi kwa kumi, na ningeongeza kama ingewezekana.

Kisha ikamwaga. Juu ya bati ilikuwa kelele ya kuzuia mazungumzo, watu wakibaki kuoneshana meno tu. Haikufika saa nzima, lakini ilinyesha ikijua inachofanya. Kipima mvua changu ni kopo la maziwa ya unga lenye kuta zilizonyooka, nimelifunga juu ya nguzo mbali na paa na mti, pamoja na rula ya mtoto wa shule. Ilipokata tu nikakimbia nalo. Milimita 22!

Nisikilizeni kidogo kwa sababu watu wakisikia milimita wanasinzia. Milimita moja ya mvua ni lita moja katika kila mita ya mraba. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Piga hesabu: milimita 22 ni zaidi ya lita 89,000 katika kila ekari. Ni karibu maboza tisa ya lita 10,000. Ni madumu ya lita 20 zaidi ya 4,400, na sisi tuliokuwa tukinunua maji kwa dumu kutoka kwenye mkokoteni wa punda tunajua dumu moja lina thamani gani ifikapo Novemba. Yote hayo yamemwagwa juu ya ekari moja, bila punda, bila foleni, chini ya saa moja. Nimerudia hesabu hiyo mbele ya familia mpaka wameniomba nile.

Paa letu lenye mita za mraba 50 nalo limepokea kama lita 1,100. Hazikuingia zote kwenye simtanki, na hazikupaswa kuingia. Maji ya dakika za mwanzo ni uchafu mtupu: vumbi la nusu mwaka, kinyesi cha njiwa, majani, mijusi waliokaukia kwenye gata. Tuliliachia bomba la pembeni mpaka maji yalipoanza kuonekana ya kunywa ng'ombe, kisha ya kufulia, kisha ndipo tukaelekeza tangini. Atakayekwambia maji ya mvua ya kwanza ni safi kwa sababu yametoka mbinguni, mwulize yamepita juu ya paa la nani.

Sasa kasoro, maana mapenzi hayanifanyi kipofu. Mvua hii ina pupa. Udongo wa shamba lililopigwa na jua miezi saba umefanya ukoko juu; maji yakija kwa nguvu hayapati mlango, yanatafuta mteremko. Dakika ishirini hazijapita, korongo letu lililokuwa njia ya watoto wa shule lilikuwa mto wa rangi ya chai ya maziwa, unakokota matawi na, kinachoniuma zaidi, udongo wa juu wa mashamba ya watu. Huo ndio udongo wenye rutuba. Ukienda haurudi. Wazee wa Kondoa hawahitaji kuelezwa: huko mmomonyoko ulichimba mabonde makubwa kiasi kwamba serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika ili majani na miti irudi. Na ilirudi. Wakati mwingine hatua kali ndiyo inayoponya, ingawa wafugaji waliohamishwa wana simulizi yao na wana haki ya kuisimulia.

Nilizunguka shambani bila viatu mvua ikiwa bado inadondoka, kuangalia nani kafanya kazi yake na nani hakufanya. Pale tulipochimba makinga maji ya kukata mteremko, maji yalikuwa yamesimama, yametulia, yanazama taratibu. Pale matuta yalipofungwa kwa vizuizi vidogo katikati, kila kisanduku kilikuwa na dimbwi lake. Na kwenye kona ya shamba ambayo tumeacha visiki vichipue kwa mtindo wa Kisiki Hai, ule unaoenezwa sana hapa Dodoma, wa kuchagua machipukizi machache yenye nguvu na kupunguza mengine badala ya kung'oa kisiki, hakukuwa na hata mfereji mmoja uliochimbika. Majani yaliyodondoka chini yake yalikuwa yameupokea mshindo wa matone. Kwa upande wa pili wa mpaka, shamba jeupe lililofagiliwa na kuchomwa moto lilikuwa limechanika michirizi. Mvua ni ileile, saa ileile, milimita zilezile. Sisemi shamba la nani.

Na kabla mtu hajanishutumu kwa kushangilia kila tone, nakumbuka vizuri kwamba si kila mvua ya Desemba ni ya vigelegele. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliingia Katesh, mkoa jirani wa Manyara, na kuua watu wengi. Mwaka huo El Niño ilikuwa imeongeza nguvu za mawingu. Ya leo haikuwa ya aina hiyo. Ilimwaga, ikapungua, ikaacha jua la jioni litokeze, kwa adabu.

Usiku, umeme ukiwa umekatika tangu radi ya kwanza, ndipo toleo la mwaka huu lilipotoa zawadi yake. Kumbikumbi! Walianza wawili watatu kwenye taa ya sola, kisha wakawa maelfu. Kichuguu nyuma ya zizi kilikuwa kinatema. Mchwa hawa wenye mbawa walikuwa tayari humo ndani, wamekamilika, wanangoja ardhi ilainike, kwa sababu kila jozi ikishatua hudondosha mbawa zake, dume na jike wanafuatana, wanachimba kishimo na kuanzisha mji mpya. Kwenye udongo mkavu wasingefika popote. Tukaweka beseni la maji chini ya taa. Watoto waliokuwa wameshalala wakafufuka. Mama mkwe akasogeza kikaango kwenye mafiga, hakutia mafuta, maana kumbikumbi wana mafuta yao, chumvi kidogo tu, akakoroga mpaka mbawa zikanyauka, akapepeta kwenye ungo. Hakuna tathmini yoyote ya mvua iliyokamilika bila sahani hii. Ladha yake iko kati ya karanga na nyama, na inakuja mara chache mno kwa mwaka, kwa hiyo watu wazima tulikula kwa kasi isiyo na heshima.

Vyura nao! Walikuwa wapi miezi yote saba? Walijifukia ardhini, wamelala, na sasa kila dimbwi lina wasanii wake na hakuna anayemwachia mwenzake nafasi. Na nje nimeshakanyaga jongoo, na vile vidudu vyekundu vidogo vyenye manyoya laini, ambavyo watoto hapa huviokota na kuviweka ndani ya kiberiti kitupu, vitajitokeza kukipambazuka. Mboga ya mlenda wa porini itachipua siku si nyingi. Mpaka hapo tunaendelea na mlenda mkavu wa gunia, na uwele wa ugali unazidi kupungua kihengeni.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niache chakula na kushika tena kalamu.

Mvua ya kwanza, ukiipima milimita kwa milimita, ndiyo mvua bora ya msimu wote. Haijazidiwa na ya Januari, haijazidiwa na ya Machi. Nasema hivyo si kwa sababu ya harufu, ingawa harufu ingetosha. Mwaka 1958 mtaalamu wa udongo aitwaye H. F. Birch, aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Muguga, karibu na Nairobi, aliandika alichokiona alipolowesha udongo uliokauka. Ukikausha udongo kisha ukaulowesha ghafla, vijidudu vyake vinalipuka kwa kazi. Vingi vilikufa kwa ukame. Vilivyosalia vinaamka na kuvila vilivyokufa, pamoja na mabaki ya mimea ambayo ukame umeyafanya yavunjike kwa urahisi, na katika siku chache naitrojeni iliyokuwa imefungwa inaachiliwa ikawa chakula cha mimea. Kadiri udongo ulivyokauka sana na kwa muda mrefu, ndivyo mlipuko unavyokuwa mkubwa. Duniani kote wanaosoma udongo wanauita kwa jina lake Birch, na uligunduliwa kwa udongo wa Afrika Mashariki, udongo kama huu niliosimama juu yake!

Kwa hiyo kiangazi kilichotutesa kilikuwa kinatupikia mbolea. Lakini mbolea hiyo haina subira. Mvua za pili na tatu zikija, inayeyuka na kuzama chini, mbali na mizizi michanga, au inanyonywa na magugu ambayo hayangoji mkutano wa kijiji. Mwenye mbegu ardhini mapema ndiye anayeila. Wapo wanaosema radi ndiyo inayoleta mbolea kutoka angani. Radi inageuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mimea kweli, ila kidogo tu ukilinganisha na kinachotokea chini ya nyayo zako. Angalieni chini, ndugu zangu.

Je, tupande? Hapa ndipo kijiji kimegawanyika tangu jioni. Jirani yangu alipita akiwa na jembe begani kabla bati halijaacha kudondosha.

"Mbukwa, shemeji!"

"Mbukwa!"

"Umeanza?"

"Bado."

"Unangoja nini, barua?"

Yeye alishaberega shamba lake Novemba, akakwangua juu bila kulima, akafukia uwele kwenye udongo mkavu. Kwake mvua hii imekuta mbegu nyumbani. Ni kamari, na maofisa ugani wamekuwa wakiipinga kwa sababu ardhi isiyotifuliwa haishiki maji vizuri, lakini leo kifua chake kilikuwa mbele na sikuwa na la kumjibu.

Wataalamu wa hali ya hewa wana kipimo kinachotumika sana katika nchi kavu za Afrika: angalau milimita 20 ndani ya siku tatu, kisha kusitokee ukame wa wiki nzima au zaidi katika mwezi unaofuata. Nusu ya kwanza tumeifaulu kwa alasiri moja. Nusu ya pili iko mikononi mwa mawingu. Mama mkwe ana kipimo chake. Hakuangalia kopo langu hata kidogo. Alipiga jembe mara mbili, akaingiza mkono, akatoa udongo, akaubana kiganjani. Ukabaki tonge. Kwenye kichanga chetu unyevu umeshuka karibu shubiri nzima. Kule bondeni kwenye mbuga, udongo mweusi mzito, umeishia vidole viwili na viatu vyako vinabaki huko huko.

"Uwele," akasema. "Na mtama. Mahindi msithubutu."

Nakubaliana naye kwa herufi zote. Wahenga walisema mvua ya kwanza ni ya kupandia, ila hawakusema ni ya kupandia kila kitu. Uwele ukishaota unaweza kunyauka, ukakaa, ukangoja, ukaamka. Mtama hali kadhalika, hukunja majani yake na kuvumilia. Mahindi yakikatikiwa na mvua wakati wa kutoa mbelewele, umeshapoteza gunia na mbolea na moyo. Kila mwaka mtu fulani hapa anapanda mahindi kwa sababu ugali wake ni mweupe na gunia lake linauzika haraka, na kila mwaka wa kukatika mvua mtu huyohuyo anakuja kuazima uwele. Mama mkwe, ambaye alisimuliwa na bibi yake habari za Mtunya, ile njaa kuu iliyoiteketeza Ugogo kuanzia 1917 hadi 1920, hana mzaha katika jambo hili. Ana uwele wa aina ya Okoa kwenye ndoo yenye mfuniko na mtama wa Macia kwenye kiroba, zote zimechaguliwa mashuke tangu mavuno, na funguo za stoo anazo yeye.

Tatizo la kweli ni nguvu kazi. Ng'ombe wa plau wanahitajika leo, na leo ndipo wanapokuwa dhaifu kuliko siku zote za mwaka, kwa sababu malisho yameisha tangu Septemba na majani mapya hayajaota. Waliolimbikiza mabua na kuyatunza juu ya kichanja wana maksai wanaosimama. Wengine wana maksai wanaoegemea mti. Trekta la kukodi lina foleni ndefu. Na mkishapanda, baada ya wiki mbili kagueni majani machanga asubuhi na mapema, kwa maana nondo wa viwavijeshi husafiri na pepo hizihizi na hukusanywa na mvua hizihizi. Wanaijua kalenda yetu vizuri.

Alama zangu basi, alfajiri hii, tumbo likiwa limejaa kumbikumbi. Harufu nimeshasema. Kiasi, tisa. Muda wa kuwasili, tisa. Ingekuja wiki moja kabla ningeimba. Utulivu, sita, kwa ajili ya udongo uliokwenda na korongo. Kwa jumla naipa tisa kwa kumi, na anayeona nimezidisha aje akae hapa kuanzia Mei.

Ya pili nitaitathmini ikija. Jirani anapiga kelele barabarani: maksai wake tunaweza kuwatumia mpaka saa nne, baada ya hapo wanakwenda kwa binamu yake, na ameshawafunga nira. Uwele utaingia upande wa mibuyu, mtama chini kwenye makinga maji, mahindi yabaki guniani. Mama mkwe keshatangulia na ndoo. Na nani amechukua jembe langu jipya?